Chupa ya Nano: Siku Nane kutoka Molo hadi Busia

Siku ya kwanza, Jumatatu. Molo hadi Njoro

Matatu ya kwanza imeondoka Molo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Juni ikipenya hadi kwenye mifupa. Mkobani nina daftari, mashina mawili ya viazi niliyoyafunga kwa gazeti, na chupa ya nusu lita yenye neno NANO kwa herufi za rangi ya dhahabu.

Dawa hii niliiuza mimi. Nina duka la agroveti, huu ni mwaka wa tisa, na wakulima huniita Mama Dawa. Mwezi Mei alifika kijana wa pikipiki na katoni moja, akanieleza kwamba hii ni teknolojia ya chembe ndogo mno, zinaingia hadi ndani ya mmea, zinatibu bakajani, mnyauko, virusi, kila kitu. Nikachukua chupa kumi na mbili. Ya kwanza nilimuuzia mzee jirani yetu kwa shilingi 1,800. Nusu ekari yake ya viazi aina ya Shangi ilikuwa ikilegea mchana wa jua na kusimama tena jioni, nami sikumuuliza swali la pili. Alipiga dawa mara mbili. Juzi akanipigia simu. Hakunifokea. Alisema tu, "Mama, waru zimelala zote. Safari hii hazikuamka."

Usiku huo nilizitoa rafuni chupa kumi na moja zilizobaki. Kumi nimezifungia stoo, moja ninayo hapa mapajani. Duka nimemwachia binti yangu. Nataka kujua nano ni kitu gani hasa, na kama kuna chochote ndani yake cha kumfaa mkulima wa kwetu, kabla sijamtazama mzee yule machoni.

Njoro nilimwendea mwalimu wangu wa kilimo wa sekondari, ambaye siku hizi amestaafu na analima ngano na viazi kidogo. Alifungua gazeti, akayashika mashina, akayarudisha. "Umechelewa nayo. Shina lililokauka halisemi kitu. Kipimo cha mnyauko hufanywa palepale shambani: shina bichi, kisu, glasi ya maji safi." Akanieleza hatua zake, nikaziandika.

Kisha akaichukua chupa. "Ndani mna nini?"

Nikageuza lebo. Fomula ya nano. Ya asili. Salama kwa watoto. Jina la kiambato halikuwepo. Wala haikuwepo namba ya usajili ya bodi inayosimamia dawa za mimea nchini, ile inayoanza na herufi PCPB. Namba hiyo naiona kila siku kwenye chupa nyingine zote dukani kwangu. Kwenye hii sikuitafuta.

"Nano ni kipimo," mwalimu akasema. "Ni kama kusema robo. Mtu akija kukuuzia robo bila kusema ni robo ya nini, utanunua?"

Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Chembe zinazoitwa za nano ni zile za kuanzia nanomita 1 hadi 100, na zinaweza kuwa za shaba, za fedha, za udongo, za chochote. Nikamuuliza kwa nini udogo uwe na faida. Akanionyesha gogo la kuni lililokuwa karibu na jiko. Litie motoni zima, akasema, litakufukizia moshi hadi jioni. Lipasue vibanzi, linashika mara moja. Mti ni uleule, kilichoongezeka ni uso. Tukapiga hesabu kwenye daftari langu. Mchemraba wa shaba wa sentimita moja kila upande una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukiukatakata kuwa vimchemraba vya nanomita 10, uso wote unafika mita 600 za mraba, zaidi ya ploti nzima ya futi 50 kwa 100. Shaba ileile, ya ukubwa wa dadu ya ludo.

Na shaba si ngeni kwetu. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko wa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa dhidi ya ukungu wa mizabibu, baada ya kuona kwamba mizabibu ya kando ya barabara karibu na Bordeaux, iliyorashiwa mchanganyiko huo ili wapita njia wasiibe zabibu, ilibaki na majani mabichi huku mingine ikipukutika. Wakulima wa kahawa wa Kenya wamepiga shaba miaka mingi dhidi ya ugonjwa wa buni. Ubaya wake ni kwamba mvua huiosha, unapiga tena, inaoshwa tena, na shaba haiozi. Inakaa udongoni. Mto Njoro unamwaga maji yake Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Chembe ndogo zinazong'ang'ania jani na kuachia shaba kidogo kidogo zingefanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Hapo, akasema mwalimu, ndipo neno nano lina maana.

"Na mnyauko?" nikauliza.

"Bakteria wa mnyauko yuko kwenye mishipa ya maji ya mmea na kwenye udongo wenyewe. Watu wanamtafutia dawa maabara, za nano zikiwemo. Lakini dawa ya dukani ya kuufufua mmea uliokwisha kunyauka, hiyo haipo."

Jioni tulitembea hadi karibu na kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Humo hupandwa ngano kutoka nchi nyingi ili ijaribiwe dhidi ya kutu ya shina ya Ug99, iliyopewa jina la Uganda na mwaka 1999. Jibu kubwa la kutu ile limekuwa mbegu inayoistahimili. Nimeliandika hilo ili nisisahau kwamba si kila ugonjwa unaningoja mimi na chupa zangu.

Siku ya pili, Jumanne. Njoro hadi Kisumu

Mau Summit, Londiani, Kericho. Majani ya chai pande zote, kisha mteremko mrefu wa kwenda Awasi na joto linalokupokea kama umefungua tanuri.

Hadi Kericho nilikaa na mama mmoja wa Sotik, kaunti ya Bomet. Alipoona chupa yangu aliuliza kama ni ya mahindi, na mazungumzo yakaanza. Mwaka 2011 huko Bomet ndiko ugonjwa hatari wa mahindi, ule unaoitwa MLN, ulikotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini. Alikumbuka majani machanga yakiwa na madoa ya manjano, shina likikauka likiwa bado changa, na gunzi ukilimenya unakuta punje tatu nne. "Tulifikiri ni ukame," alisema, "lakini mvua ilikuwa inanyesha tukiwa tumesimama palepale."

MLN ni virusi viwili kwa pamoja. Kimoja, MCMV, huchukuliwa na vijidudu kama thripsi na mbawakawa. Cha pili mara nyingi ni kile cha mozaiki ya miwa, na huletwa na vidukari. Kimoja peke yake mahindi huweza kukivumilia, vikikutana shamba linakwisha. Jambo lililonikaa kichwani hadi Ahero ni ukubwa wa MCMV: upana wake ni nanomita 30 hivi. Adui mwenyewe ni wa nano, na alikuwa shambani muda mrefu kabla ya sisi kuchapisha neno hilo kwenye lebo.

Siku ya tatu, Jumatano. Kisumu

Binti wa rafiki yangu wa chama anasomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja upande huu, na ameniruhusu nikae maabara siku nzima mradi nisiguse kitu. Nimevaa koti jeupe lililonipwaya. Naandika haya usiku na mikono bado inanuka mwarobaini.

Alianza na majani ya mwarobaini aliyoyachuma nje ya uzio. Aliyaosha, akayakatakata kama sukumawiki, akayachemsha, akayachuja. Maji yake yalikuwa ya manjano hafifu. Pembeni alikuwa na chupa nyingine ya nitrati ya fedha iliyoyeyushwa, isiyo na rangi kabisa, usingeitofautisha na maji ya kunywa. Akamimina ya mwarobaini ndani ya ile ya fedha taratibu, akaweka kando.

"Sasa tungoje, mama."

Tulitoka kunywa chai. Tuliporudi ilikuwa imegeuka kuwa ya asali. Saa moja baadaye ilikuwa ya kahawia, kama strungi iliyokolea. Hakuna rangi iliyotiwa. Vitu vilivyomo ndani ya jani vilikuwa vimeigeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe za fedha, tena vikazivisha kijikoti ili zisigandane, na fedha ikiwa ndogo kiasi hicho hucheza na mwanga kwa namna nyingine. Nilishika chupa ile dirishani nikaitazama kwa muda mrefu. Fedha ya bangili haiwi ya rangi hiyo hata uifanyeje.

Akachukua kalamu ya miale myekundu, ile ya walimu ya kuonyeshea ukutani, akaipitisha kwenye glasi ya maji safi. Mwale haukuonekana. Akaipitisha kwenye fedha aliyokuwa ameizimua. Mstari mwekundu ukatokea ndani, umenyooka kama uzi uliovutwa. "Chembe zinautawanya mwanga," alieleza. "Lakini hata tone la maziwa kwenye maji litakuonyesha hivyo. Usirudi Molo ukawaambia watu hiki ndicho kipimo cha nano."

Tukaijaribu chupa yangu. Aliitikisa, akamimina kidogo kwenye mrija, akausimamisha. Kufikia saa tisa mchana juu kulikuwa na maji maangavu na chini mashapo ya kijivu, unene wa ukucha. Nilidhani kesi imekwisha. Yeye akakataa. Hata chembe halisi za nano zikishikana huzama, akasema, na ukubwa wa kweli hupimwa kwa mashine. "Tatizo la chupa hii lilianza kabla ya mashapo. Ungejua ni shaba, ningejua niulize nini. Ungejua ni fedha, vilevile. Hapa sina pa kuanzia." Nilipenda uangalifu wake. Yule kijana wa pikipiki hakusita kwa neno hata moja.

Baadaye alinionyesha sahani za kioo zilizooteshwa kuvu. Kwenye sahani isiyotiwa kitu, kuvu ilikuwa imetanda yote, nyeupe, yenye manyoya kama kifaranga. Kwenye iliyotiwa fedha, kilikuwa kijiduara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi, kimesimama hapo. Nilitaka kushangilia. Akanizuia tena. Sahani haina mvua, haina jua, haina udongo. Na fedha haichagui: inaua bakteria wa ugonjwa na inaweza kuua pia wale wema, wakiwemo wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharagwe na kuulisha mmea. Mkulima wangu wa Molo hupanda maharagwe baada ya viazi. Fedha ambayo angeipiga Machi ingekuwa bado udongoni Septemba.

Yeye mwenyewe anaona tumaini zaidi kwenye shaba na zinki, ambazo mmea unazihitaji kama chakula kwa kiasi kidogo. Alinisimulia kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Connecticut, Marekani, Wade Elmer na Jason White, iliyochapishwa mwaka 2016. Walinyunyizia miche ya nyanya na biringanya chembe za nano za oksidi ya shaba kabla ya kuihamishia kwenye udongo wenye ugonjwa. Miche iliyopigwa shaba ilikua na kuzaa vizuri zaidi. Maelezo yao yalinifungua macho: shaba ile haikuwa inaua kuvu moja kwa moja, ilikuwa inaulisha mmea hadi ukapata nguvu za kujikinga. Kuna tofauti kubwa kati ya kumpiga mwizi na kujenga ukuta. Dukani kwangu, miaka tisa, nimeuza rungu tu.

Siku ya nne, Alhamisi. Dunga

Leo nimepumzika, lakini si sana. Asubuhi nilishuka ufuoni Dunga, kwenye Ziwa Victoria, kununua samaki wa kuwapelekea wenyeji wangu. Pembeni ya omena palikuwa na turubai la ochong'a, wale kamba wadogo wa ziwani wanaokaushwa kwa chakula cha kuku. Magamba ya kamba na kaa yana kitini, na kitini ikipikwa kwa magadi makali ya viwandani inakuwa kitosani, ambayo huyeyuka kwenye asidi hafifu kama ya siki. Ukidondoshea chumvi fulani ya fosfati, hujikunja kuwa vijidonge vya nano. Dada wa maabara alisema mmea ukiguswa na kitosani hudhani umevamiwa na kuvu, kwa sababu ganda la kuvu nalo lina kitini, basi unaamka na kuanza kujikinga kabla ya vita. Tena kitosani huoza yenyewe, haibaki udongoni kama madini.

Nilimwambia muuzaji kwamba bidhaa yake inaweza kuwa dawa ya viazi siku moja. Alinitazama, akasema, "Basi siku hiyo itapanda bei. Chukua leo gorogoro mbili."

Nilipokuwa nikimlipa nilifikiria pia shaba. Huwadhuru samaki hata ikiwa kidogo sana majini, na mto Nyando huleta huku kinachooshwa na mvua mashambani kule juu. Mtu anayepima dawa shambani hana budi kuona hadi maji yanakoishia.

Siku ya tano, Ijumaa. Kisumu hadi Kakamega

Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Mahindi ya huku yamefikia kutoa mbelewele, na kila penye kona kuna mtu anauza ndizi.

Binamu yangu ni afisa wa kilimo wa nyanjani. Alinipokea stendi akanipakia nyuma ya pikipiki, lakini kabla ya kwenda shambani akanipitisha Rosterman. Miaka ya 1930 wazungu walimiminika Kakamega kufuata dhahabu, na hapo Rosterman palichimbwa mgodi mkubwa. Mgodi ulifungwa zamani, lakini watu bado wanachimba kwa mikono. Tulimkuta kijana amechutama kando ya dimbwi, karai mkononi, anazungusha mchanga kwa kifundo cha mkono, maji yakibeba takataka kidogo kidogo. Mwishoni palibaki punje moja ya manjano, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Aliibonyeza kwa ncha ya kidole, akatuonyesha. Kazi ya asubuhi nzima.

"Kumbuka rangi hiyo," binamu akaniambia.

Shambani tulingojwa na shemeji mmoja mwenye robo tatu ya ekari ya mahindi yenye umanjano. Alikuwa na panga tayari. Jirani alimwambia ni MLN, ang'oe yote na kuchoma, na hakuwa amelala siku mbili. Binamu alichuma vipande vya jani, akavitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wenye maji ya kupimia, akausugua kwa mgongo wa kalamu hadi maji yakawa ya kijani. Kisha akatoa kijikaratasi chembamba, urefu wa kidole, akakichovya.

Kila aliyewahi kupimwa malaria au korona anakijua kijikaratasi cha aina hiyo. Maji ya jani yalipanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Sote tuliinama, na mtoto wa shemeji akaingiza kichwa katikati yetu. Dakika zikapita. Ukatokea mstari mmoja mwekundu, ule wa juu, unaosema kwamba kipimo kinafanya kazi. Tukangoja wa pili. Binamu akatazama saa, akangoja tena. Haukuja.

"MCMV haipo," akasema. "Na bila hiyo, MLN haiwi. Tazama umanjano wako: umeanza majani ya chini, umeingia katikati ya jani kama ncha ya mshale. Mahindi yana njaa, shemeji. Yanataka mbolea ya kukuzia."

Yule bwana alikaa chini palepale kwenye matuta. Panga aliliweka kando yake.

Tukirudi ndipo binamu aliponieleza ule wekundu. Ni dhahabu. Ndani ya kijikaratasi mna chembe za dhahabu, kwa kawaida za nanomita 40 hivi, zilizovishwa kingamwili zinazomshika kirusi mmoja tu na kumwacha mwingine. Kirusi akiwemo hunaswa pamoja na dhahabu yake kwenye mstari, dhahabu inarundikana, jicho linaona wekundu. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi ya manjano tena. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo London mwaka 1857, alipotengeneza maji mekundu kama rubi kutokana na dhahabu, na hakuna rangi aliyotia.

Kwa hiyo nano niliyokuwa naitafuta kwa matatu nne nimekuwa nikiishika zahanati miaka yote, kila mtoto wangu alipopata homa. Vipo vijikaratasi vya namna hiyo vya virusi vya viazi, na vipo vya mnyauko. Kingekuwepo kimoja dukani kwangu mwezi Mei, mzee angejua siku ileile. Mimi nina rafu tatu za kutibu na sina hata kisanduku kimoja cha kupimia. Nimekaa kitandani usiku huu nikiligeuzageuza hilo.

Siku ya sita, Jumamosi. Busia

Kupitia Mumias hadi Busia kwa wifi yangu. Ana muhogo ekari moja, na muhogo wa huku una historia chungu. Miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali uliingia kutoka Uganda, majani yakajikunja kama ngumi, watu wakaacha kupanda. Walipopata mbegu inayoustahimili, ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Nzi weupe ndio wanaobeba yote mawili.

Wifi aling'oa shina moja mbele yangu. Majani yalikuwa yanapendeza, ungeapa ni mzima. Akapasua muhogo kwa kisu. Ndani, kwenye weupe, madoa ya kahawia makavu kama kizibo, yametapakaa toka kichwa hadi mkia. "Unaupalilia mwaka mzima," alisema, "na siku ya kuvuna ndiyo unayoambiwa."

Nilimsimulia jambo nililolisoma njiani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walieleza namna ya kukinga mmea dhidi ya virusi bila kuua mdudu na bila kubadilisha mbegu. Wanachukua RNA, kemikali inayobeba maagizo ya uhai, ile ya nyuzi mbili inayofanana na kipande cha kirusi. Mmea ukiipokea hukitambua kirusi chenyewe na kukikatakata. Peke yake RNA hiyo haidumu juu ya jani, basi wakaipakia kwenye vipande vyembamba vya udongo wa nano vinavyoiachia polepole. Kwa kupuliza mara moja, majani ya tumbaku yalikingwa siku 20.

Wifi alisikiliza hadi mwisho. "Muhogo unakaa miezi kumi na miwili," akasema. "Nitapuliza mara ngapi? Na vijiti ninavyopanda vikiwa tayari na ugonjwa ndani, nitakuwa napuliza nini?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo. Kwa muhogo, vijiti safi vinatangulia. Udongo ule wa Queensland naona ungefaa zaidi kitaluni, pale mbegu mama inapozalishwa, palipo padogo na penye mtu wa kupuliza. Hayo ni mawazo yangu. Nimeyaandika kwa sababu swali la wifi ni bora kuliko yote niliyoyauliza mimi wiki hii.

Siku ya saba, Jumapili

Busia, Kisumu, Kericho, Molo. Muda wa saa tisa nzima barabarani. Nimefika mvua ikinyesha.

Siku ya nane, Jumatatu. Molo

Nilikwenda kwa mzee mapema, nikiwa na kisu, glasi na shilingi 1,800 ndani ya bahasha.

Alinikaribisha chai kwanza, nami nikanywa. Kisha tukashuka shambani. Sehemu kubwa ilikuwa imeanguka, lakini ukingoni palikuwa na mashina machache yaliyoanza tu kulegea. Nilikata moja karibu na udongo, nikalifuta matope, nikalishika wima, ncha iliyokatwa ikigusa maji ya glasi. Mzee alishika glasi. Mikono yake ilitulia kuliko yangu.

Dakika ya kwanza hapakuwa na kitu. Kisha kutoka kwenye shina ukateremka uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa ubani lakini unashuka badala ya kupanda. Ukafuata wa pili, wa tatu. Zikawa zinarefuka hadi chini ya glasi na kuyatia maji ukungu wa maziwa.

"Hao ndio bakteria," nikasema. "Wako ndani ya mishipa. Dawa niliyokuuzia isingeweza kuwafikia, hata ingekuwa ya kweli. Nilipaswa kufanya hivi mwezi Mei. Nisamehe, mzee."

Alizidi kutazama glasi. "Kwa hiyo ni mdudu huyu tu," alisema baada ya muda. "Mimi nilidhani ni kosa la mkono wangu." Bahasha aliipokea, akaitia mfukoni bila kuhesabu.

Aliuliza apande nini. Nikamwambia mahindi, au shayiri, au kabeji, misimu kadhaa, na asiweke nyanya wala pilipili wala biringanya, maana ni ukoo mmoja na viazi. Viazi vitakavyoota vyenyewe aving'oe vyote. Jembe lioshwe kabla ya kutoka humu. Nikamwambia pia nitatafuta vijikaratasi vya kupimia, hata kama itabidi tuchangie wakulima kumi kununua kisanduku.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Na maji ya shamba hili, yakinyesha, yanakwenda wapi?"

Tukageuka wote wawili. Chini ya mteremko, ng'ambo ya ua wa michongoma, viazi vya yule mama mjane vilikuwa vimetoa maua meupe, mabichi, havina hata jani moja lililolegea. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa Mau. Mzee akatoa majembe mawili kwenye kibanda, akanipa moja, tukaanza kuchimba mtaro kutoka upande wa juu.